Pua ya Karani

9 Machi

Mpwa wangu daktari,

Najua ungeanza na shikamoo, basi marahaba, tusipoteze karatasi. Mimi ni mzima. Jino la nyuma limeniaga wiki iliyopita na sikulibembeleza libaki. Mwambie mama yako, dada yangu asiyejua kunyamaza, kwamba blanketi alilonishonea limefika na ni fupi. Anadhani miguu yangu bado ni ya darasa la pili. Mwambie hivyo hivyo, nataka akasirike kidogo, inamsaidia damu kutembea.

Unaniuliza kila mara kwa nini sipigi simu. Depo ya mafuta haitaki cheche, kwa hiyo simu zetu zinalala kabatini pale getini kutwa nzima, na nikitoka kazini vidole vyangu havina hamu ya kubofya. Barua hii anayo Miwani, dereva wa lori anayeshusha mafuta kwenye kituo kinachotazamana na kliniki yako. Ukisikia bahasha inanuka dizeli, ujue ni yangu.

Sasa neno lenyewe, na ni dogo. Siku ya Jumanne mbwa wangu Karani amepiga chafya pale getini, na ukuta mweupe ukapata vitone vya damu. Vitone tu, usianze kukunja uso. Unakumbuka mwaka jana mwezi wa kumi, alipokuwa na makamasi, ukanitumia vile vidonge akawa mzima ndani ya wiki mbili? Nitumie vingine kama vile.

Usidhani kazi imemshinda. Kila Ijumaa tuna jaribio: kikopo chenye harufu ya vilipuzi kinafichwa kwenye lori moja kati ya kumi, mbwa anapitishwa, akikipata anaketi. Ijumaa hii Karani ameketi pale penyewe bila kusitasita, na mbwa wawili wachanga wamekosa. Mkubwa wetu, yule tunayemwita Kipenga kwa kuwa hata salamu anaitoa kwa filimbi, akasema mbele ya watu kwamba Karani ndiye angepewa mshahara wangu. Nilicheka, lakini kichwa kilinivimba mpaka jioni.

Unajua tulimpa jina hilo kwa nini? Akimaliza kukagua lori anamtazama dereva kana kwamba amekuja na fomu isiyo na mhuri. Ana miaka tisa sasa, na bado madereva wanamnyenyekea kuliko mimi.

Usichelewe na vidonge.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo hata kama umeshaiitikia. Mama amesoma habari ya blanketi, akakasirika vizuri kabisa, anasema akikushonea jingine litakuwa la kufunika mdomo. Goti lake limepungua maumivu. Mimi nina kazi hadi shingoni: wiki hii tumepokea paka aliyemeza uzi na sindano yake, na mwenye paka alikuwa anatuuliza kama sindano itafaa tena.

Kuhusu Karani. Vidonge sitatuma. Usinune, nisikilize kwanza.

Damu inatoka tundu moja la pua au yote mawili? Ni tundu lile lile lililokuwa na makamasi mwaka jana? Anakoroma akilala, na zamani hakuwa akikoroma? Jicho la upande huo linatoa machozi? Mguse juu ya pua, kati ya jicho na mdomo, upande huu na upande huu. Kuko sawa?

Halafu nifanyie jambo moja. Chukua glasi, itie kwenye maji ya baridi, ifute ikauke. Mshike Karani mdomo ukiwa umefungwa, kwa upole, uiweke glasi mbele ya pua yake. Kila tundu litaacha doa la ukungu. Niandikie madoa ni mangapi. Ni jambo la dakika moja, na mimi huku litaniambia mengi.

Nakuomba usingoje.

Mpwa wako


18 Aprili

Mpwa wangu,

Hapa tunashukuru. Paa la chumba cha nyuma limevuja nami nimepanda mwenyewe kuliziba, jirani akawa chini ananishikia ngazi huku akinieleza habari za mazishi ya watu walioanguka kutoka mapaani. Watu wana roho za ajabu. Bati moja nimeligeuza, mawili nimeyapiga misumari mipya, na sasa linavuja sehemu nyingine.

Getini wameniletea mwenzangu wa zamu, dada mmoja aliyehamishwa kutoka depo nyingine pamoja na mbwa wake jike. Mpole, lakini ana maswali. Jana ameniuliza kwa nini hapa kwetu kikopo cha Ijumaa anakificha yule yule anayeongoza mbwa. Nikamwambia watu ni wachache, na kila mmoja ana mbwa wake, nani atakuja kumfichia mwenzake? Tumefanya hivyo tangu nianze kazi. Akasema, "Sawa, kaka," na ile sawa yake sikuipenda.

Karani amefaulu Ijumaa zote nne. Anakula. Mkia unafanya kazi.

Msalimie mama yako. Mwambie blanketi nimelizoea, nalala nimejikunja.

Mjomba

Ile glasi imevunjika.


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Paa pole.

Kwenye nyumba yako mna glasi sita, nilikununulia mimi mwenyewe, zenye mstari wa bluu. Zimevunjika zote? Basi chukua kioo cha kunyolea. Chukua kijiko. Chukua chochote kinachong'aa.

Mimi si mtoto, nawe hujawahi kunipiga chenga hata siku moja tangu uliponifundisha kuendesha baiskeli. Kwa hiyo nitasema ninachoogopa, ili usipate sababu ya kudhani ni mambo madogo. Mbwa mwenye pua ndefu, akifika umri wa Karani, akatokwa na damu tundu moja, mara nyingi si mafua. Huenda ni uvimbe unaoota ndani ya pua. Hauonekani kwa nje mpaka umeshakuwa mkubwa. Nataka kuwa nimekosea. Nisaidie nikosee.

Madoa mangapi?

Mpwa wako anayekupenda na aliyekasirika


11 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Miwani alikuwa amesimamishwa wiki tatu, lori lake lilikuwa gereji, na dereva aliyeshika zamu yake simwamini hata na bahasha tupu. Hiyo ni sababu ya kweli, ila si sababu yote.

Doa moja.

Nilijaribu siku ile ile ilipofika barua yako ya kwanza. Doa moja, la kushoto. La kulia glasi ilibaki kavu. Nikaigeuza, nikaifuta, nikajaribu tena. Nikachukua glasi ya pili, kana kwamba kosa ni la glasi. Kisha nikairudisha kabatini na nikakuandikia imevunjika. Mtu mzima mwenye mvi, nadanganya juu ya glasi. Na ndiyo, anakoroma. Na jicho la kulia linalowa. Na juu ya pua upande huo kuna kitu kama nusu ya kokwa, kigumu.

Sasa nina ombi, na nimelizungusha kichwani wiki nyingi. Karani si wangu. Ni wa depo. Kwa kanuni zetu, mbwa aliyezeeka anastaafu na mwenye kumwongoza anaruhusiwa kumchukua nyumbani. Lakini mbwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona anadungwa sindano ndani ya siku saba, kwenye banda lile lile la zege, na daktari wa depo ambaye hajui hata jina lake. Nimeona wawili wakiondoka hivyo. Mmoja alikuwa anatikisa mkia.

Niandikie cheti. Andika uzee. Ana miaka tisa, si uongo kwamba amezeeka. Wewe ni daktari, mhuri unao, hakuna atakayeuliza. Nitamchukua, atalala barazani kwangu mpaka siku yake ifike.

Sijawahi kukuomba kitu.

Mjomba wako


20 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kliniki nikiwa nimevaa glavu, na ikabidi nitoke nje.

Siwezi kuandika cheti cha mbwa ambaye sijamgusa. Hilo nimeshalifanya... hapana, acha. Mlete. Kaombe ruhusa ya siku chache, sema ni chanjo, sema lolote. Miwani atawabeba kwenye lori, nimeshazungumza naye hapo kituoni, amekubali kwa sharti kwamba Karani asimkague.

Mama ameanza kupika kwa ajili ya mbwa. Mimi mwanawe nala mabaki.

Mje.


16 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mlirudi nyumbani salama. Miwani ananiambia Karani alilala kichwa kikiwa mapajani mwako njia nzima, na kwamba wewe ulikuwa unamhadithia mandhari. Mama anawatafuta tangu mlipoondoka. Amefua kile kitambaa alicholalia Karani, na ameshakikunja mara tatu.

Majibu ya maabara yamerudi leo. Ni saratani. Imeanzia kwenye ngozi laini ya ndani ya pua, upande wa kulia. Picha ulizoziona ukutani, nilikuonyesha upande wa kushoto mweusi, ndivyo hewa inavyotokea kwenye eksirei, na wa kulia mweupe. Nilikuambia tusubiri majibu. Nilikuwa nimeshajua, Mjomba. Nilitazama weupe ule nikajua, na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu unamwambia Karani, "Tulia bwana, daktari anakupiga picha ya harusi," nami nikashindwa kugeuka.

Ile nyama niliyoitoa kwa mrija imetoka ndani sana, na ule mfupa mwembamba unaotenganisha pua na ubongo umeshaanza kuliwa. Iko hospitali yenye mashine ya mionzi, safari ya siku mbili kutoka huku, na angelazwa kwa dawa ya usingizi zaidi ya mara kumi. Ingekuwa mapema ningekuambia tukimbie. Kwa ulipofikia uvimbe, nimewauliza wenzangu wawili na wote wamenijibu kwa sauti ya chini. Tuna miezi miwili, labda mitatu.

Kuna jambo lingine, nimelikwepa tangu Machi, na nadhani hukuliona kwa sababu unaniamini. Ni vile vidonge vya mwaka jana. Uliniandikia kwamba mbwa ana makamasi tundu moja, mwezi mzima. Tundu moja! Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angeshtuka. Mimi niliandika dozi nikiwa nimesimama, gari la mtu likinisubiri nje, bila kumwona mgonjwa, kwa sababu ni mbwa wa mjomba na mjomba alisema ni mafua. Uvimbe ukishaota, uchafu na usaha hukusanyika juu yake. Vidonge vilikausha usaha. Ukaona amepona. Uvimbe ukabaki chini yake ukijinafasi miezi mitano.

Siwezi kukurudishia miezi hiyo. Ndiyo maana cheti chako kiko ndani ya bahasha hii. Nimeandika uzee. Mhuri upo na sahihi yangu ipo. Mchukue nyumbani.

Mpwa wako


2 Agosti

Mpwa wangu, mwanangu,

Hatujambo, sote wawili. Paa sasa linavuja pale pale lilipovuja mwanzo, limezunguka likarudi kwao.

Cheti chako nakirudisha. Kiangalie vizuri, sijakikunja hata pembe. Kichane wewe mwenyewe, maana mimi nilishindwa kuchana karatasi yenye jina lako.

Nilikuwa nimeshakitia mfukoni. Nimefika mpaka kwenye mlango wa Kipenga, nimeshainua mkono kubisha. Kisha nikakaa kwenye benchi la nje kama mtu aliyefumaniwa. Na wewe umenifungulia moyo wako wote juu ya vidonge, mimi bado nimekuficha kubwa kuliko hilo.

Ni hivi. Mwezi wa tano, Ijumaa moja, yule dada wa zamu alisema, "Kaka, leo nikufichie mimi." Sikuwa na sababu ya kukataa. Akaficha, nikamchukua Karani, tukaanza. Lori la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne kamba ya buti yangu ilikuwa imefunguka, nikasimama kuifunga. Nilipoinua macho Karani ameketi. Ameketi wima kabisa, ananitazama usoni anangoja sifa zake. Nikamgeukia yule dada. Akatikisa kichwa. Kikopo kilikuwa lori la nane.

Akasema yawezekana kachoka. Mimi nilijua pale pale. Miezi yote hiyo nilikuwa naficha mwenyewe, kwa hiyo nilijua kilipo, na nikikikaribia napunguza mwendo, nashika pumzi, sijui, labda hata nyusi zangu zinasema. Karani hakuwa ananusa kikopo. Alikuwa ananisoma mimi. Pua ilipoanza kuziba, alitafuta njia nyingine ya kunifurahisha, na mimi nikawa namsifu. Mimi, mtu ninayejigamba kwamba namjua mbwa wangu kuliko nilivyomjua mke wangu, Mungu amrehemu, sikujua kwamba hanusi.

Na wewe unajilaumu kwa vidonge. Ungejuaje? Mimi ndiye niliyekuandikia kila mara kwamba amefaulu. Nani atatilia shaka pua ya mbwa anayefaulu kila Ijumaa?

Tangu siku ile nilimwomba yule dada ampitishe mbwa wake kwenye kila lori baada ya wangu, nikasema ni mazoezi. Hakuna lori lililoingia bila kunuswa tangu Mei. Lakini kabla ya Mei? Sijui ni malori mangapi yameingia kwenye depo ya mafuta yakiwa yamekaguliwa na nyusi zangu. Nikitoa cheti cha uzee, hakuna atakayeuliza hilo, na Ijumaa ijayo kila mmoja ataendelea kujifichia kikopo chake. Niliona hayo yote pale kwenye benchi.

Nikaingia. Nikamweleza Kipenga yote, glasi, doa moja, buti, ugonjwa, yote. Hakupuliza filimbi. Alisema nirudie mbele ya watu, kwa vitendo. Basi wakaficha kikopo, mimi wakanisimamisha nyuma ya ukuta wa ofisi, na yule dada akamwongoza Karani naye hajui kilipo. Nilikuwa nasikia kucha zake kwenye lami. Akapita malori yote kumi. Akarudia. Akaanza kulia kidogo, ile sauti yake nyembamba, kisha akamvuta yule dada kuzunguka ukuta mpaka akanipata, akaketi mbele yangu. Kipenga akavua kofia, akaivaa tena, akasema, "Basi. Tumeona."

Nimeondolewa kwenye mbwa. Sasa nainua na kushusha kizuizi cha getini, na sina la kulalamika. Kanuni ya siku saba ikasomwa. Nikajua ndiyo mwisho, na nilisaini. Halafu Kipenga, mtu ambaye nimemsema vibaya miaka kumi na moja, akafungua daftari la vifaa. Karani ameandikwa humo, mwanangu! Kati ya mtungi wa kuzimia moto na jozi arobaini za buti. Akasema kanuni ya sindano inahusu mbwa wa kazi. Lakini kifaa kilichochakaa kinaweza kufutwa kwenye daftari kikachukuliwa na mfanyakazi, alimradi kisitumike tena. Akampiga mstari. Akanigeuzia kalamu nitie sahihi kwamba nimepokea kifaa kimoja, kibovu.

Kifaa kibovu sasa kimelala barazani kinakoroma mpaka jirani anakisikia.

Mjomba wako


14 Agosti

Mjomba,

Shikamoo, na safari hii naitoa nikiwa nimesimama.

Nimekichana. Nilifunga mlango wa chumba cha dawa nikakichana vipande vidogo, halafu nikakaa kwenye kreti ya chakula cha paka nikalia. Niliandika uongo ule kwa ajili yako, nikajiambia ni huruma, na kumbe nilikuwa najilipia dhambi ya vidonge kwa mhuri wa watu. Umeniokoa na hukunisema hata kidogo. Ningekuwa mimi ningejisema.

Mama amesikia habari ya daftari la vifaa akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Anasema huyo Kipenga ana mama aliyemlea.

Miwani anakuletea chupa mbili. Ya kijani ni ya maumivu, asubuhi na jioni pamoja na chakula, usimpe tumbo likiwa tupu. Ya pili ni ya matone, ikitokea damu nyingi. Damu ikija mwekee kitambaa cha baridi juu ya pua, mtulize, usimwinue kichwa. Itakutisha. Itakata. Chakula mpe cha uvuguvugu na kilainishe, maana asiyenusa hakioni chakula kuwa chakula, mpaka kiguse mdomo.

Kuhusu siku yenyewe. Utaniuliza nitajuaje, kila mtu ananiuliza. Andika mambo matatu anayoyapenda. Akiyaacha mawili, niite. Usingoje la tatu kwa ajili yako mwenyewe. Hapo nasema kama daktari, na naomba unisamehe.

Nitakuja mimi. Hataguswa na mtu asiyemjua jina.

Mpwa wako


19 Septemba

Mwanangu,

Alipenda kula, kulala kwenye zege lenye jua, na kusikia lori likifunga breki, anyanyuke.

Jana limepita lori. Hakunyanyuka. Leo amegeuza uso nilipomletea chakula, na jicho limesukumwa nje. Zege bado analipenda.

Njoo.

Mjomba


6 Oktoba

Mpwa wangu mpendwa,

Natumai ulifika vizuri na viti vya basi havikukuumiza mgongo. Mpe mama yako pole kwa niaba yangu, maana najua amelia kuliko sisi. Blanketi lake ndilo tulilomfunika Karani, uliona mwenyewe lilivyomtosha. Mwambie.

Hapa kumetulia. Asubuhi nafungua mlango wa barazani polepole nisimpige nao, kisha nakumbuka. Jirani ameniuliza kelele ya kukoroma imekwenda wapi. Nilipomwambia akakaa nami saa nzima bila neno, na yeye ni mtu wa maneno.

Kazini Kipenga amenitoa kwenye kizuizi. Hakunirudisha kwenye mbwa. Amenipa kuficha vikopo vya wote, siku yoyote ninayochagua mwenyewe. Naficha, naingia ofisini, nafunga mlango na pazia, mpaka waniite. Wiki ya kwanza mbwa wawili kati ya watano wamekosa, na wamepelekwa kupimwa. Mmoja ni meno. Wa pili hawajasema bado.

Ulinisemesha pale stendi, mguu wako mmoja ukiwa ngazini. Uliniuliza, "Mjomba, tulimchelewesha?" Mimi nikainama nikaanza kufunga zipu ya begi lako, na zipu ilikuwa imefungwa. Basi likapiga honi, ukapanda. Najua uliona kwamba nimesikia. Tangu siku hiyo swali limekaa na mimi mezani.

Jibu ni ndiyo. Tulimchelewesha, mwanangu. Wewe kwa vidonge, mimi kwa sifa. Ningeweza kukuandikia kwamba hapana, usijali, ni umri tu, nawe ungejifanya umeamini. Lakini nimechoka kumwonyesha mtu anayenipenda mahali pa kuketi, kama nilivyomfanyia Karani. Hatujui miezi ile ingempa mwaka au wiki mbili, wewe mwenyewe ulisema hujui, na sitakulazimisha ujue. Ndiyo yenyewe tuigawe, na sehemu kubwa niachie mimi, kwa sababu nilikuwa naye kila siku.

Ila nikuambie nilichokiona Jumamosi ulipofika, wewe ulikuwa unahangaika na mkoba wa dawa hukuona vizuri. Ulisema "Hodi" pale mlangoni. Alikuwa hanusi, jicho moja limefumba, siku mbili hajasimama. Alisikia sauti yako akasimama. Akatembea baraza nzima, akaja akaegemea mguu wako kwa uzito wake wote, akabaki pale. Hakuwa na deni la kukudai. Mimi pia sina.

Nimelia leo wakati naandika, mara ya kwanza tangu Jumapili ile tulipomuaga, mchana kweupe, mlango wazi. Nimeona nikuambie wewe kabla ya mtu mwingine.

Mjomba wako